Kuku Baadaye: Miaka Yangu ya Kuandika Kambi za Mpakani

Watu husubiri mvi ndio wastaafu. Mimi nimestaafu na meno yangu yote. Kama unataka kucheka, cheka sasa umalize, kwa sababu nataka kuongea na sipendi kukatizwa. Mama yangu mwenyewe aliniuliza, "Unastaafu nini, Ojambo, na hata kazi hujawahi kuwa nayo?" Nikamwambia mama, kazi nilikuwa nayo. Ni vile haikuwa na mlango wa kuingilia wala kiti.

Haya maneno naandikia nyinyi mliobaki kwenye grupu yetu. Kwa yule mgeni ambaye amejikuta hapa: sisi ni vijana wa Malaba na Busia ambao tunalala kwenye kambi, zile sehemu wasafiri wanasimamisha hema wakivuka mpaka, halafu tunaandika mtandaoni vile tumeona. Rivyu. Wageni wakisoma wanajua pa kulala, na wengine wanatutafuta tuwapeleke. Nani alikuwa mkubwa wa grupu na nani alipata nini, hiyo siongelei. Nataka kuongea juu ya kuku.

Lakini tuanzie Malaba, kwa sababu hapo ndipo hasira yangu ilipata kazi.

Nilikuwa naendesha bodaboda. Kila siku wanatoka upande wa Uganda watu wa baiskeli na pikipiki kubwa, wamebeba nyumba yao mgongoni, wananiuliza, boss, tutalala wapi? Nilikuwa nawapeleka kwa Mama Amoit, mama mmoja wa Kiteso ambaye alikuwa na uwanja safi nyuma ya boma lake, maji iko, choo iko. Siku moja mgeni akanionyesha kwenye simu kile mtu ameandika juu ya Mama Amoit. Nyota moja. Sababu ni ng'ombe. Ati ng'ombe walilia asubuhi. Sasa mtu anakuja kwa Wateso, anasimamisha hema karibu na zizi, halafu anashangaa ng'ombe wana sauti?

Damu ilinipanda mpaka kwa masikio. Nikakaa juu ya pikipiki nikaandika jibu, na lile jibu siwezi kurudia hapa kwa sababu kuna watu wa kanisa wanasoma. Kabla sijaituma, nikamsomea mzee mmoja ambaye alikuwa anakunywa chai kwenye kibanda pale pale. Nilitaka tu mtu wa kunisifu.

Mzee akasikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza, "Wewe umewahi kulala hapo?"

"Apana. Lakini nampelekea watu kila siku."

"Sikukuuliza unapeleka nani. Nimeuliza kama umelala."

Huyo ndiye Mzee Wandera. Alikuwa amemaliza maisha yake yote akiendesha lori za kubeba watalii, zile zinazunguka nchi na nchi, na amelala kwenye hema kuliko vile mimi nimelala kwenye kitanda. Nilimjibu vibaya. Hakujali. Kesho yake alikuja na hema yake ya zamani, nzito kama mtu mgonjwa, akaniambia twende kwa Mama Amoit tukalale. Tulilala. Asubuhi ng'ombe walilia, na ninawaambia ukweli, walilia sana.

"Sasa andika," Mzee akasema. "Mwambie mgeni ng'ombe watamwamsha alfajiri, kwa sababu ni kweli. Mwambie anayependa kulala mpaka jua kali asikuje. Halafu mwambie maji ni safi na mama ni mtu wa watu. Ng'ombe mama hawezi kuzima. Usimkate nyota kwa kitu hawezi kuzima."

Shule yangu ilikuwa hiyo. Mengine yote nilijifunza peke yangu, kwa simu, nikisoma rivyu za kambi za nchi za mbali mpaka bando inaisha, nikijiuliza kwa nini hii inanisaidia na hii inanipigia tu kelele. Niligundua mtu akiandika "pachafu" hajaniambia kitu. Akiandika "bafuni hapakuwa na sabuni na maji ya kuoga yalikuwa yamesimama sakafuni", sasa mimi mgeni najua, na mwenye kambi pia anajua aanze wapi. Niligundua pia lazima useme ulilala siku gani ya hali gani. Kambi ya kiangazi na kambi ya masika ni kambi mbili, hata kama geti ni moja.

Vifaa vyangu vilikuwa vichache. Hema, tochi, sabuni yangu mwenyewe, na jerikeni ya maji. Jerikeni haikuwa ya kunywa. Hiyo pia ni ya Mzee Wandera. Ukifika kambi, kabla hujasifu maua, unasimama pale hema inakaa na unamwaga maji kwa upande wa juu. Unachuchumaa. Unaangalia yanaenda wapi, kwa sababu mvua itafuata hapo hapo. Wenye kambi walikuwa wanafikiri nafanya mambo ya uganga. Mmoja huko Mundika aliniuliza kama ninabariki kiwanja.

Sasa kuku.

Nyinyi wote mnajua kwetu mgeni akija hawezi kuondoka hivi hivi. Kuku inashikwa. Na kama unaheshimiwa, firigisi, ile sisi tunaita imondo, inakuja kwenye sahani yako. Imondo ni ya mwenye boma. Akikupa wewe, amekuambia kitu ambacho hakiwezi kusemwa kwa mdomo. Wageni wa mbali hawajui hivyo. Wanakula, wanasema asante, asubuhi wanakata nyota. Sisi tulikuwa na ugonjwa tofauti.

Barasa, ambaye tulianza naye na bado ako na nyinyi hapo, alienda kuandika kambi moja upande wa Bumala. Akapokewa na jogoo. Akapewa imondo. Akaandika nyota tano, amani tele, karibuni wote. Wiki iliyofuata wageni wakaenda kwa sababu ya maneno ya Barasa, na asubuhi mama mmoja akafungua zipu ya hema akakutana na uso wa fahali. Kumbe uwanja wote ulikuwa njia ya ng'ombe kwenda mtoni. Barasa aliiona hiyo njia. Aliivuka na miguu yake.

Tukamuita kikao. Mimi nilikuwa nimekuja nimewaka. Nikamwambia, "Barasa, uliona njia ya ng'ombe?"

"Niliona."

"Na hukuandika."

"Nilikula imondo bana. Ulitaka niseme nini?"

Nikaangalia wale wengine wanisaidie. Wote walikuwa wanatingisha kichwa kumkubali Barasa. Hakuna mtu alimlaumu. Na mimi mwenyewe, nikiwa nimesimama na kidole juu, nikakishusha, kwa sababu kama angekuwa amemkosea adabu yule mwenye kambi, ningekuwa nimemuitia kikao pia.

Hapo ndipo nilitengeneza ile sheria ambayo mnanilaani kwayo kila mkienda kazini. Kuku baadaye. Unabeba chakula yako, viazi vitamu vya kuchemsha ama muhogo na karanga, unakula hiyo. Unalala. Asubuhi unaandika. Halafu, na hii ndio wengi walitoroka, unamsomea mwenye kambi uso kwa uso kabla hujaposti. Kama kuna kitu umekosea, unarekebisha hapo hapo. Kama amekasirika tu, unakaa mpaka hasira imalize, halafu unabonyeza akiona. Kama bado anataka kukulisha baada ya hapo, kula mpaka ushindwe kusimama.

Watu walisema sheria hii haiwezi kufanya kazi kwetu, ni kama kumwambia mtu asisalimie. Nikasema itafanya. Nimefukuzwa na mbwa. Nimeambiwa na tajiri mmoja, "Wewe unajua mimi ni nani?" nikamwambia, "Najua wewe ni yule ako na choo bila mlango, na nimeandika hivyo, sikia." Akatuma watu kumi wamsifu mtandaoni, wote na maneno yale yale, hata makosa yale yale. Sikufuta yangu. Mlango aliweka mwishowe, na siku hiyo nilirudi, nikaongeza chini: mlango upo na unafunga vizuri. Kurudi ni nusu ya kazi. Mtu akitengeneza na wewe unaacha maneno ya zamani yamsimamie hapo, wewe sasa ndio mwongo.

Nimesema hayo yote ndio nifike Port Victoria, kwa Mzee Wandera.

Mzee alipochoka kukaa bila lori alichukua shamba lake karibu na ziwa akalifanya kambi. Kila kitu alichokuwa nacho kiliingia hapo. Alijenga jikoni, akajenga choo kizuri kuliko cha nyumba yake, akapanda nyasi mpaka chini kabisa, pale unafungua hema unaona maji na boti za samaki. Halafu akangoja, na watu hawakuja, kwa sababu kambi bila rivyu ni kama haiko. Ndipo kikundi cha baiskeli cha kutoka Uganda kikataka kupita Busia kwenda ziwani. Kiongozi wao, mama mmoja, nyabo kwa Kiganda, mwenye sauti ya mwalimu, akanipigia. Wanachagua kati ya kwa Mzee na kambi nyingine ya kando ya barabara. "Ssebo, bwana wangu," akasema, "tutaenda pale wewe umesema."

Kama wangekuja, kambi ingejulikana. Kama wasingekuja, Mzee alikuwa ameniambia angeuza mabati arudishe mahindi. Na mtu aliyenifundisha kila kitu ni huyo.

Nilipofika, Mama, bibi yake, alikuwa tayari amemshika jogoo miguu.

"Mama, usichinje."

"Unasema?"

"Usichinje kwanza. Kesho. Nikishaandika."

Mama akaniangalia kama nimevua nguo. Mzee akatoka jikoni akicheka. "Wachana na hizo maneno zako za vijana. Hapa ni nyumbani."

"Ndio maana nakataa, Mzee. Kwa mtu baki ningekataa hivi hivi. Nikikula kwako, wataniambia nini kina Barasa?"

Mama alichinja. Walikula mbele yangu, polepole, harufu ikinijia moja kwa moja, na mimi nikatoa viazi vyangu baridi kwenye karatasi. Sijawahi kula chakula kibaya hivyo maishani, na viazi vilikuwa vizuri.

Kabla jua halijashuka nikabeba jerikeni nikaenda chini kwenye nyasi. Mzee alinifuata, akasimama nyuma yangu na mikono mgongoni. Nikamwaga. Maji yakatembea kidogo, yakageuka, yakaja yakakaa pale pale katikati ya mahali pa hema yangu, na yakakataa kuingia chini. Udongo mweusi. Nikachuchumaa muda mrefu kuliko inavyotakiwa, nikingoja yaende mahali. Hayakwenda. Nikageuka kumtazama Mzee na nikaona kwa uso wake kwamba alijua. Alikuwa ameweka hema pale kwa sababu ya ule uso wa ziwa, na akatumaini mvua itamheshimu.

Asubuhi nilimsomea. Mama alikuwa amekaa mlangoni akisikia. Niliandika choo ni kisafi na kina maji ya kunawa na sabuni. Niliandika mwenyewe anajua barabara zote na atakuelekeza bila kukudanganya. Niliandika: "Sehemu ya chini inaona ziwa lakini maji yanasimama, usiweke hema hapo wakati wa mvua. Nyuma ya jikoni kuna mwinuko mkavu unaotosha hema nyingi, huoni ziwa lakini utalala." Nyota nne.

"Ondoa hiyo ya maji," Mzee akasema.

"Siondoi."

"Ojambo. Mimi ndio nilikufundisha hiyo ya maji."

"Ndio maana siondoi."

Nikabonyeza akiona. Mzee akaingia ndani. Mimi nikapakia hema, nikaaga, na hakuna mtu alinisindikiza. Mnajua vile tunafanya, mgeni anapelekwa mpaka barabarani, mnaongea hapo tena kama hamtaachana. Nilitoka kwenye ile geti peke yangu kama mtu wa kusoma mita ya stima.

Kwenye grupu ilikuwa moto. Barasa aliandika, "Mzee alikulea, na wewe unamzamisha na jerikeni." Nikamjibu kwamba wewe ulimpenda mtu wa Bumala mpaka fahali akaingia kwa hema, mimi nampenda Mzee Wandera kuliko hivyo. Nilisema nampenda vya kutosha kumwambia akiwa bado anaweza kuhamisha vigingi. Nilisema mengine pia. Walinitoa kwenye grupu siku mbili. Nikatengeneza grupu ingine, nikawaongeza wote.

Nusu ya wale wa baiskeli walienda kambi ya barabarani. Nusu wakaja kwa Mzee. Na mvua haikunyesha. Wiki nzima, hata tone. Walilala chini kwenye nyasi wakiangalia ziwa, wakaandika pazuri sana, na mmoja akaongeza kwamba onyo la maji limezidishwa. Mnakumbuka vile mlinicheka. Barasa alinitumia picha ya jua. Sikufuta hata nukta. Niliandika maji yanasimama, sikuandika yatakuja Jumanne.

Masika yalipokuja, yalikuja yote. Hakuna mtu alinipigia kuniambia nilikuwa sawa. Nilikaa na simu nikingoja, sitadanganya. Halafu Mzee akapiga. Hakusalimia.

"Kuja uongeze," akasema.

Nilienda. Chini kulikuwa na vyura na bata wa jirani. Juu, nyuma ya jikoni, hema zilikuwa zimepangwa mstari mmoja, kavu, na wageni walikuwa wanakunywa chai. Alikuwa amepeleka viti tu kwa upande wa ziwa, mtu akitaka kuona maji akae hapo. Nikamwaga jerikeni yangu juu, Mzee akichuchumaa karibu nami. Maji yalienda zake. Nikaongeza chini ya yale maneno ya zamani: hema zimehamishwa, nimelala siku ya mvua kubwa, nimeamka kavu. Nikamsomea. Akasema, "Sawa." Siku hiyo nilikula kuku. Imondo alikula yeye mwenyewe, akinitazama machoni. Lakini alinisindikiza mpaka barabarani, na pale tukaongea mpaka chai ya jioni ikapoa huko nyuma.

Sasa mnajua kwa nini nastaafu. Miguu ya Mzee imeanza kukataa, na amenipa mimi kambi niisimamie. Mtu hawezi kuwa na kambi na bado anaandika kambi za wengine. Barasa aliniambia naweza kuficha jina. Nimemwambia ajaribu yeye aone.

Na nyinyi hamkungoja hata nikae. Wiki yangu ya kwanza mlinitumia Nafula, yule dada yetu mdogo wa kutoka Mundika ambaye mimi mwenyewe nilimfundisha kumwaga maji. Nilifurahi. Nilishika kuku haraka. Nafula akatoa muhogo kwenye begi. "Baadaye, boss," akasema. Mimi, boss. Mbele ya wageni. Nilijua sheria, ni yangu, na bado niliona kama amenipiga kofi. Mzee alikuwa kwenye kiti chake cha upande wa ziwa, mabega yakitingishika.

Asubuhi akanisomea. Choo, vizuri. Maji, vizuri. Uwanja, mkavu. Nikaanza kupumua. Halafu: "Msimamizi ni mkarimu lakini anaongea bila kupumzika. Alianza hadithi kabla sijatoka kwenye hema. Anayetaka utulivu aombe hema ya mwisho." Nyota tatu.

"Tatu?" nikasema. "Ng'ombe wa Mama Amoit hatukuwakata nyota."

"Ng'ombe hawezi kuzimwa," Nafula akasema. "Wewe unaweza."

Mdomo ulikuwa umefunguka kumuuliza ni nani alimfundisha. Nikamuona Mzee amegeuza kiti chote ili aone vizuri. Nikafunga mdomo. Mnaonijua mnajua hiyo ni kazi ya aina gani.

"Bonyeza," nikamwambia.

Akabonyeza nikiona. Ndipo kuku ikaletwa, na mimi nikachukua imondo nikaiweka kwenye sahani ya Nafula. Mama akashika kiuno. Kwetu wanawake hawakuwa wanapewa hata harufu yake.

"Hiyo ni ya mwenye boma," Mzee akasema.

"Najua, Mzee. Mwenye boma ameipeana."

Mzee aliangalia ile sahani, akaniangalia mimi, akaangalia ziwa. "Basi ale," akasema, "kabla haijapoa."

Nafula akala. Zile nyota tatu bado ziko, nendeni msome, sijamwomba mtu aziondoe na sitaomba. Wageni naongea nao kama zamani, hiyo hakuna mtu atanizuia. Lakini siku hizi nangoja watoke kwenye hema, wanawe uso, wanywe chai. Ni ngumu, lakini nangoja. Yule anayebisha akuje aandike tena, na chakula yake abebe.